J. R. Richard na mshipa uliobanwa begani

Tarehe 14 Julai 1980, mrushaji wa Houston Astros, timu ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani, alisimama kwenye kilima kidogo cha kurushia akikaza macho kutafuta vidole vya mdakaji wake, na havikuonekana sawasawa. Katika besiboli mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, akaonyesha vidole katikati ya mapaja ili wapinzani wasivione: kimoja kwa kawaida ni mpira wa kasi, viwili ni mpira wa kupinda. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka hapo na anatakiwa azisome ishara hizo mara moja. James Rodney Richard, umri miaka 30, alikuwa akizihangaikia. Mkono wake wa kulia, ule wa kurushia, ulikuwa mzito na wenye ganzi. Alifika iningi ya nne (iningi ni awamu ya mchezo, na mechi ya kawaida ina tisa) akatolewa. Hakurusha tena mpira katika mechi ya ligi kuu maisha yake yote.

Siku sita kabla yake ndiye aliyeanzisha mechi ya nyota wote kwa upande wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, pale Los Angeles, akarusha iningi mbili bila kuruhusu pointi. Msimu wake hadi hapo ulikuwa ushindi 10 na kushindwa 4, na kwa kila iningi tisa alikuwa akiruhusu wastani wa pointi 1.90 tu. Anayeujua mchezo huu kidogo anaelewa kwamba wastani ulio chini ya 2.00 ni wa watu wachache mno katika kizazi kizima.

Na hapo ndipo kesi ya Richard ilipoharibikia. Alikuwa akisema kwa wiki kadhaa kwamba mkono umekufa ganzi, na watu wakamjibu kwa takwimu. Mtu anayerusha hivi anaumwa nini? Nimesoma habari zake kwa muda mrefu, na kila nikizirudia naona jambo lile lile: ubora wa kazi yake uligeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mwili wake.

Tuanze na mkono wenyewe. Richard alizaliwa tarehe 7 Machi 1950 huko Vienna, Louisiana, akasoma Lincoln High School katika mji jirani wa Ruston. Alifikia urefu wa karibu mita 2.03. Kiganja chake kilikuwa kikubwa kiasi kwamba alikuwa akiwaonyesha watu namna ya kushika mipira minane ya besiboli kwa mkono mmoja. Mwaka 1969 Astros walimchukua akiwa mchezaji wa pili kuchaguliwa nchi nzima katika uteuzi wa vijana. Tarehe 5 Septemba 1971 alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu dhidi ya San Francisco Giants, timu ya Willie Mays, akawatoa wapigaji 15 kwa straiki tatu tatu, yaani mipira halali ambayo mpigaji anashindwa kuipiga sawasawa. Ilikuwa rekodi sawa na ile ya Karl Spooner ya mwaka 1954 kwa mrushaji anayecheza mara ya kwanza.

Baada ya hapo alikaa miaka kadhaa bila makali yake kutulia, maana mpira ulikuwa ukienda kokote. Mwaka 1975 na 1976 aliongoza ligi kwa kuwapa wapigaji nafasi ya kutembea bure hadi beizi ya kwanza. Lakini alipopata mkono wake, hakuwa na mwenzake. Mpira wake wa kasi ulikaribia kilomita 160 kwa saa. Slaida yake, ule mpira unaokuja kama wa kasi kisha unakatika pembeni mwishoni, iliruka kwa kasi ambayo warushaji wengi hawaifikii hata kwa mpira wao wa moja kwa moja. Mtu wa urefu ule akipiga hatua kuelekea mbele na kuachia mpira, mpigaji hapewi hata nusu sekunde ya kuamua.

Kati ya 1976 na 1979 alishinda mechi 20, 18, 18 na 18. Mwaka 1978 aliwatoa wapigaji 303 kwa straiki, akawa mrushaji wa kwanza wa mkono wa kulia kupita 300 katika Ligi ya Taifa ya zama za kisasa. Mwaka uliofuata alifikisha 313 na kuongoza ligi nzima kwa wastani wa 2.71. Hiyo 313 ilibaki rekodi ya Astros hadi 2019, Gerrit Cole alipofikisha 326.

Takwimu ninayoiangalia zaidi ni nyingine, isiyosherehekewa. Katika misimu hiyo minne Richard alirusha zaidi ya iningi 1,100. Iningi moja huwa na mirusho kumi na tano au zaidi, na kwa mrushaji wa aina yake, anayewatoa wengi kwa straiki na kuwapa wengi njia ya bure, huwa zaidi ya hapo. Ongeza mirusho ya kupasha moto na ya mazoezi. Kila mrusho, mkono ulipanda juu ya bega, ukapinda nyuma mpaka mwisho wake, kisha ukafyatuka mbele. Mzunguko huo wa bega hupimwa kwa maelfu ya digrii kwa sekunde na ni miongoni mwa miendo ya kasi kabisa ambayo mwili wa binadamu unaweza kuifanya.

Sasa tuingie ndani ya bega, kwa sababu bila kuelewa njia ya damu ya pale huwezi kuelewa yaliyompata.

Damu ya mkono wa kulia inatoka moyoni kwa bomba kubwa, na bomba hilo likifika chini ya shingo linagawanyika mara mbili. Tawi moja linapanda shingoni kwenda kwenye ubongo upande wa kulia. Jingine linakwenda mkononi. Hilo la mkononi linapita kwenye uchochoro mwembamba: chini yake uko ubavu wa kwanza, juu yake uko mtulinga, na pembeni iko misuli ya shingo inayoshikilia ubavu huo. Ukiinua mkono na kuupeleka nyuma, mtulinga unaukaribia ubavu na uchochoro unazidi kubana. Kwa watu wengi nafasi inabaki ya kutosha. Kwa wengine haitoshi, ama kwa sababu walizaliwa na ubavu wa ziada shingoni, ama kwa sababu misuli imenenepa kwa kazi. Hali hiyo madaktari wanaiita sindromu ya mlango wa kifua.

Inakuja kwa sura tatu. Iliyo ya kawaida kabisa, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa, ni ya neva kubanwa: maumivu, ganzi, vidole kuchomachoma. Ya pili ni ya vena kubanwa, mkono ukavimba na kuwa na rangi ya bluu. Ya tatu ni ya ateri, karibu asilimia moja tu, na ndiyo iliyo hatari kuliko zote. Ateri ikibanwa maelfu ya mara, ngozi yake ya ndani inachubuka. Mara nyingi sehemu iliyo mbele kidogo ya pale inapobanwa inatanuka, damu inazunguka badala ya kwenda moja kwa moja, na mahali damu inapozunguka juu ya mchubuko ndipo inapoganda. Vipande vya bonge hilo vikimeguka vinasukumwa kwenda vidoleni: vidole vinapoa, vinapauka, ncha zinauma. Bonge likiendelea kukua, linaweza kurudi nyuma kuelekea pale bomba linapogawanyika. Likifika hapo, kipande kikichukuliwa na damu inayopanda shingoni kinakwenda kwenye ubongo. Kwa mkono wa kulia ni ubongo wa kulia, ambao ndio unaoongoza upande wa kushoto wa mwili.

Huo ndio mkondo wa yaliyompata Richard, hatua kwa hatua.

Mwezi Juni 1980 alianza kusema kwamba mkono unachoka haraka kuliko kawaida, kwamba bega na mgongo wa juu vinamsumbua, kwamba vidole havihisi mpira vizuri. Alikuwa akirusha iningi chache kwa ustadi mkubwa, kisha anaomba kutoka. Kwa daktari anayejua ateri, hilo peke yake lina maana. Msuli ukiwa umepumzika unahitaji damu kidogo, na njia nyembamba inatosha. Ukianza kufanya kazi unahitaji damu mara nyingi zaidi, na njia iliyoziba nusu haiwezi kuileta. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa: matone yanatoka, lakini ukifungulia bomba lote hupati maji zaidi. Basi mtu anaweza kuwa mzuri kwa iningi tatu na kuishiwa katika ya nne. Alama hiyo ya ugonjwa ilitafsiriwa kuwa alama ya tabia.

Houston ilizungumza. Magazeti yalidokeza kwamba ni mvivu, kwamba anajitunza kupita kiasi, kwamba anamwonea wivu Nolan Ryan, aliyekuja Astros msimu huo kwa mkataba wa kwanza wa dola milioni moja kwa mwaka katika historia ya mchezo. Wapo waliotaja dawa za kulevya. Hata ndani ya timu walikuwepo waliomshuku. Richard alikuwa mtu mweusi, mrefu, mwenye maneno machache kwa waandishi, na ninaamini kwamba mrushaji mwenye sura nyingine angesikilizwa mapema zaidi. Wako watakaobisha. Lakini tazama alichokuwa nacho mkononi kama sifa ya kazi: misimu minne mfululizo ya iningi zaidi ya 260, hakuna aliyekuwa akibeba mzigo kuliko yeye kwenye timu ile. Mtu wa rekodi hiyo akisema hawezi, uvivu ungekuwa dhana ya mwisho kabisa.

Baada ya mechi ya tarehe 14 aliwekwa kwenye orodha ya majeruhi. Kuanzia tarehe 23 Julai alilazwa hospitalini Houston kwa vipimo, na tarehe 25 picha ya ateri iliyopigwa kwa kuingiza dawa ya kuonekana kwenye mshipa ilionyesha njia ya damu ya mkono wa kulia imeziba. Yaani siku tano kabla ya janga, kizuizi kilikuwa kimeonekana kwa macho. Uamuzi uliotolewa ni kwamba hakuna haja ya upasuaji wakati huo, kwa hoja kwamba mishipa midogo ya pembeni inapeleka damu ya kutosha mkononi. Akaruhusiwa kuanza mazoezi mepesi chini ya uangalizi.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mwili kweli hujitengenezea njia za pembeni, na mkono wa mtu anayekaa ofisini ungeweza kuishi hivyo kwa miaka. Kosa lake ni swali lililoulizwa. Waliuliza kama damu inafika mkononi. Swali la hatari lilikuwa bonge lenyewe litakwenda wapi, na nini kitatokea mkono huo ukiinuliwa tena na kufyatuliwa.

Tarehe 30 Julai 1980, Astros wakiwa safarini, Richard alikwenda Astrodome, uwanja wao wa nyumbani, kurusha mipira michache kwa taratibu. Baada ya muda akasikia mlio mwembamba sikioni, kizunguzungu kikamshika, mwili ukamwishia nguvu, akalala chini kwenye zulia la plastiki la uwanja ule. Upande wa kushoto ulikuwa umelegea. Kiharusi. Usiku ule madaktari walimfungua shingo na kutoa bonge la damu kutoka kwenye ateri inayokwenda kichwani. Picha za ubongo zilizopigwa baadaye zilionyesha kwamba hakupigwa na kiharusi kimoja bali zaidi, na baadaye katika mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji mwingine mkubwa wa kurekebisha njia ya damu ya bega.

Astros wakaendelea bila yeye. Walilingana na Los Angeles Dodgers kileleni mwa kundi lao, wakawashinda katika mechi ya ziada ya kuamua, kisha wakapoteza kwa Philadelphia Phillies mechi tatu kwa mbili, mechi nne kati ya tano zikiamuliwa baada ya iningi za nyongeza. Phillies ndio waliochukua ubingwa. Kutoka hapo Houston walisubiri hadi 2005 kufika fainali ya kwanza. Siwezi kuangalia matokeo yale bila kuwaza mtu wa wastani wa 1.90 akipewa mechi mbili kati ya tano zile.

Alijaribu kurudi. Mwaka 1982 alicheza ligi za chini, na mwaka 1984 Astros wakamwachia. Watu wengi hudhani mkono ndio uliokataa. Mkono ulirudi kwa kiasi. Kasi ilikuwepo, ingawa si ile ya zamani. Kilichobaki na kasoro ni kuona na kuitikia. Kiharusi cha ubongo wa kulia mara nyingi hupunguza uwezo wa kuona upande wa kushoto na kupima umbali. Kwa mrushaji hilo ni suala la uhai: baada ya kuachia mpira anabaki mita kama 17 kutoka kwa mpigaji, na mpira uliogongwa sawasawa unamrudia kwa kasi kuliko alivyoutuma. Anayechelewa kuuona sehemu ndogo ya sekunde anaweza kupigwa usoni.

Ili kuona kwamba mambo yangeweza kwenda vinginevyo, mtazame David Cone wa New York Yankees mwaka 1996. Naye alianza msimu vizuri sana, naye akalalamika vidole vya mkono wa kulia ni baridi na vina ganzi. Vipimo vya kwanza havikuonyesha chanzo, lakini malalamiko yaliporudi walipiga picha tena, na mwezi Mei wakakuta ateri ya karibu na kwapa imevimba. Wakakata sehemu mbovu na kuunga mshipa mwingine. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo alirudi Oakland akarusha iningi saba bila kuruhusu hata pigo moja. Miaka mitatu baadaye alirusha mechi kamilifu, wapigaji 27 kati ya 27. Ugonjwa wake haukuwa ule ule hasa, ila dalili zilifanana, na tofauti kubwa ni kwamba malalamiko yake yalipojirudia yalichukuliwa kuwa habari mpya.

Siku hizi mchakato unajulikana. Daktari anapima presha mikono yote miwili. Tofauti ya zaidi ya 20 kwenye namba ya juu inataka maelezo. Anashika mapigo ya kifundo cha mkono ukiwa chini, kisha ukiwa umeinuliwa kama wa mtu anayerusha. Kuna kipimo rahisi: inua mikono hadi usawa wa mabega, kunja viwiko viganja vikitazama mbele, kisha fumba na kufumbua ngumi kwa dakika tatu. Mwenye tatizo mara nyingi hamalizi. Mkono unakuwa mzito au unapauka. Kipimo hiki si hukumu, kwa sababu hata watu wazima wa afya hupoteza mapigo katika mkao huo, kwa hiyo hufuatiwa na picha ya mawimbi ya sauti au ya CT yenye dawa. Picha ikipigwa mkono ukiwa umelala ubavuni tu, ateri inaweza kuonekana wazi kabisa na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Inapigwa mikao yote miwili.

Matibabu ya aina ya ateri nayo yana mpangilio wake. Kwanza damu inazuiwa kuganda zaidi kwa heparini. Kisha bonge linatolewa. Halafu ubavu wa kwanza, na ule wa ziada kama upo, unaondolewa pamoja na sehemu ya msuli wa shingo unaobana. Ateri iliyochakaa inakatwa na kuungwa kwa mshipa wa kupandikiza, mara nyingi wa mguuni. Anayetoa bonge na kuuacha mfupa ameacha chanzo, na bonge litarudi. Wanaopatwa si wanamichezo peke yao: wapaka rangi, mafundi magari wanaofanya kazi chini ya gari lililoinuliwa, waogeleaji, yeyote anayefanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa. Kidole kimoja kinachopauka na kuuma bila baridi, mkono mmoja unaochoka huku ule wa pili hauchoki, hayo ni ya kupeleka hospitali, si ya kuchuliwa kwa mafuta. Na uso ukilegea upande mmoja, mkono ukaanguka, maneno yakavurugika, hesabu ni ya dakika: dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba si damu inayovuja. Richard hakuwa na dawa hiyo. Iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kiharusi mwaka 1996.

Maisha yake baada ya mpira yalikuwa magumu. Alimshtaki daktari, kesi ikaishia kwa makubaliano ya fidia. Biashara zikamla fedha, ndoa zikavunjika, na mwaka 1994 gazeti likaandika kwamba analala chini ya daraja la barabara kuu, katika mji uleule alioujazia uwanja. Alinyanyuka kwa msaada wa kanisa na wa waliomkumbuka, akapata kazi, kisha akawa mhubiri, na kwa miaka mingi akawasaidia watu wa mtaani Houston ambao hali yao aliijua kwa mwili wake. Alifariki tarehe 4 Agosti 2021, akiwa na miaka 71, kutokana na UVIKO-19.

Takwimu zake zimefungwa kwenye ushindi 107, kushindwa 71, na wapigaji 1,493 waliotolewa kwa straiki. Kwa Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli hizo hazikutosha, na sina ugomvi na hilo; ukumbi ule hupima urefu wa kazi. Astros walimwingiza katika ukumbi wa mashujaa wa timu mwaka 2019, akiwa hai na kuona. Lakini jezi yake namba 50 ilikuwa haijastaafishwa hadi anafariki, na hilo naona Houston bado wanadaiwa.